Kupima hisia za mchezaji wa gemu kwa ngozi, saa na maneno yake mwenyewe

Mchezaji akimaliza kujaribu gemu yako, ukamuuliza ameionaje, atakwambia "iko poa" au "nzuri sana". Hilo ni jibu la heshima kwa mwenyeji wake. Halikuelezi alihisi nini daraja lilipokatika dakika ya nne. Ukimfunga waya bila kumuuliza chochote, nako utaambulia mstari unaopanda na kushuka, usijue ulipanda kwa hofu, kwa furaha, au kwa sababu alikohoa.

Mwongozo huu unaunganisha vitu vitatu: umeme wa ngozi, unaoonyesha mwili umesisimka kiasi gani, kumbukumbu ya gemu, inayoonyesha nini kilitokea na sekunde gani, na maneno ya mchezaji anapotazama marudio ya mchezo wake. Ngozi inatoa ukubwa, mchezaji anatoa jina la hisia, na saa ndiyo inayovikutanisha. Anayekosea saa hupoteza kazi yote, na kosa hilo halionekani kwenye grafu, kwa hiyo tutakaa nalo zaidi kuliko mengine.

Ngozi inasema nini, na isichosema

Viganja na nyayo zina tezi nyingi za jasho zinazoendeshwa na neva za simpathetiki, zile zinazoandaa mwili kupigana au kukimbia. Tezi zikijaa, ngozi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi hata kabla jasho halijaonekana. Kipimo chake ni mikrosimensi (µS). Mtu aliyekaa kitini kwa kawaida huwa kati ya µS 2 na 20. Hicho ni kiwango cha msingi, kinachobadilika polepole. Juu yake huota vilima: mtu akishtuka, mstari huanza kupanda sekunde 1 hadi 3 baada ya tukio, hufika kileleni ndani ya sekunde nyingine 1 hadi 3, kisha hushuka taratibu. Kilima kisichofika µS 0.05 tunakihesabu kuwa sifuri.

Watafiti wengi hupanga hisia kwenye mistari miwili inayokatana, kama James Russell alivyoichora mwaka 1980: mmoja wa msisimko, kutoka utulivu hadi moto, mwingine wa utamu na uchungu. Ngozi inasoma mstari wa msisimko tu. Bao ulilofunga na bao ulilofungwa vinaweza kutoa kilima cha urefu ule ule.

Usidhani basi kwamba utamu na uchungu utavikisia mwenyewe kwa kuangalia tukio. Mwaka 2006 Niklas Ravaja na wenzake nchini Ufini walichapisha vipimo vya wachezaji wa Super Monkey Ball 2 waliobandikwa elektrodi, yaani vibandiko vinavyosoma umeme wa mwili, usoni na mkononi. Nyani alipodondoka ukingoni, yaani mchezaji alipokosea, misuli ya tabasamu ilikaza na ile ya kukunja ndita ililegea. Kushindwa kulipokelewa kwa furaha. Mbunifu aliyeandika "kuanguka: uchungu" kwenye jedwali lake angekuwa amekosea alama, na vilima vya ngozi visingemsahihisha.

Vifaa

Vifaa vya maabara vipo, na BITalino ni chaguo la bei ya kati linalofaa kwa studio ndogo. Lakini kifaa cha kupimia ngozi kinaweza kujengwa mezani kwa siku moja, na aliyekijenga huelewa makosa yake. Unahitaji:

- ubao wa Arduino Uno (kompyuta ndogo ya kusoma vihisi) na kibao cha ADS1115, kinachogeuza volti kuwa namba
- rezista ya kΩ 100 yenye usahihi wa asilimia 1, na kapasita ya µF 1
- rezista za majaribio: MΩ 1, kΩ 200 na kΩ 100
- kihisi cha mwanga cha aina ya LDR na rezista ya kΩ 10
- elektrodi za fedha na kloridi ya fedha (Ag/AgCl), mbili kwa kila mtu
- laptopu yenye betri nzima ya kurekodia, tofauti na mashine inayoendesha gemu

Muunganiko ni huu. Toa waya kwenye tundu la volti 3.3 hadi elektrodi ya kwanza. Elektrodi ya pili iende kwenye A0 ya ADS1115, na kutoka hapo hapo rezista ya kΩ 100 iende ardhini (GND), kapasita ikiwa imelala sambamba na rezista hiyo ili kupunguza kelele za umeme wa ukutani. ADS1115 yenyewe ilishe volti 5 na uichagulie kipimo cha ±4.096. Hata elektrodi zikigusana, mkondo hauzidi mikroampea 33.

Thamani ya ngozi kwa µS ni V ÷ (0.1 × (3.3 − V)), V ikiwa ni volti unazosoma kwenye A0. Hiyo 3.3 usiiamini ilivyoandikwa: ipime kwa multimita, uiweke kwenye hesabu kama ilivyo. Kisha weka rezista za majaribio mahali pa mtu. MΩ 1 lazima isome karibu na µS 1, kΩ 200 isome 5, kΩ 100 isome 10. Fanya jaribio hili kila asubuhi ya siku ya kazi na uandike majibu.

Kwa nini kibao cha pili wakati Uno ina matundu yake ya kupimia? Kwa sababu Uno hugawa volti 5 katika hatua 1024, kila hatua karibu milivolti 4.9. Kwenye ngozi ya µS 10, hatua moja ni karibu µS 0.06, kubwa kuliko kilima kidogo unachokitafuta. Utaona ngazi badala ya mlima. ADS1115 inashuka hadi µS 0.0015. Vipimo vingi vya bei rahisi vinavyosemekana "havioni kitu" vimefia hapa.

Rekodi mara 40 kwa sekunde. Usichague 50: umeme wa ukutani katika Afrika Mashariki hutetema mara 50 kwa sekunde, na ukipima kwa mwendo ule ule kelele yake hujificha ndani ya mstari kama wimbi la polepole linalofanana na hisia.

Elektrodi za kipimo cha moyo zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali zinafaa kwa kuanzia, ila jeli yake ina chumvi nyingi na hupandisha namba. Unaweza kumlinganisha mtu na nafsi yake, lakini usilinganishe namba zako na zilizochapishwa na wengine. Jeli maalumu ya ngozi ina chumvi ya takriban gramu 0.5 kwa kila gramu 100. Sarafu na karatasi ya alumini hazifai kabisa, maana hujijengea volti zake zenyewe na mstari huhama bila mtu kuhisi lolote.

Usalama hauna mjadala: laptopu iliyounganishwa na Arduino isiwe kwenye chaji mtu akiwa amefungwa waya. Hakuna chaja, hakuna skrini ya pili, hakuna kebo yoyote inayoelekea ukutani. Ndiyo sababu gemu inakaa kwenye mashine nyingine, na ndiyo sababu tutaziunganisha mashine hizo mbili kwa mwanga badala ya waya.

Saa moja kwa mashine mbili

Gemu ina saa yake, Arduino ina yake, video nayo ina yake. Kijiwe cha saa cha Uno si sahihi sana. Kikipotoka kwa 1 katika 1000, baada ya dakika 30 kimeshakosea sekunde 1.8, ambao ni muda ule ule uliopo kati ya tukio na jasho. Hapo kilima cha kufungwa bao kitaonekana kimekuja kabla ya bao, au kitahesabiwa kwa tukio la jirani yake.

Dawa ni mraba mweupe. Iagize gemu ichore mraba wa sentimita 2 kwenye kona ya skrini, mweusi muda wote, unaogeuka mweupe kwa milisekunde 200. Bandika LDR juu yake kwa utepe mweusi ili mwanga wa chumbani usiingie, uipeleke kwenye A1 ya ADS1115 pamoja na rezista ya kΩ 10. Mraba uwake mara tatu mwanzoni, mara tatu mwishoni, na mara moja kila tukio muhimu linapotokea. Kwenye uchambuzi utanyoosha saa ya Arduino kwa mstari mmoja kutoka alama ya mwanzo hadi ya mwisho, kisha utakagua kama matukio ya katikati yameangukia mahali pake. Yakipishana kwa zaidi ya sehemu 2 za kumi za sekunde, tafuta kosa kabla ya kuendelea.

Kumbukumbu ya gemu iandikwe kwenye faili la maandishi, mstari mmoja kwa tukio: sekunde hadi sehemu ya elfu, jina la tukio, hali ya mchezaji. Mfano: 412.883, kupigwa, mamba, afya 35. Ukitumia Unity, chukua muda kutoka Time.realtimeSinceStartup. Time.time husimama gemu ikisitishwa, na mchezaji mmoja akibonyeza kusitisha mara moja tu, kila kilichofuata kinakuwa kimehama. Kwenye Godot 4 tumia Time.get_ticks_msec().

Gemu isiyo yako huwezi kuiagiza ichore mraba. Irekodi kwa OBS Studio, weka LDR kwenye sehemu ya skrini inayobadilika ghafla, kwa mfano skrini nyeusi ya kupakia inapofuatwa na uwanja mng'avu, kisha watu wawili waandike matukio kutoka kwenye video kila mmoja peke yake. Wanapotofautiana, ujue jina la tukio halijaelezwa vizuri. "Hatari" si tukio. "Adui ametokea ndani ya skrini" ni tukio.

Elektrodi zikae wapi

Vitabu vinasema kidole cha shahada na cha kati, mkono usiotumika. Kwenye gemu hakuna mkono usiotumika. Pedi inashikwa kwa mikono miwili, simu vilevile, na kwenye kompyuta kushoto kuna kibodi na kulia kuna kipanya. Kila kidole kinapobonyeza, elektrodi hukandamizwa na mstari huruka. Mbaya zaidi, mchezaji hubonyeza zaidi wakati wa hatari, kwa hiyo mruko huo unafanana kabisa na hisia unayoitafuta.

Tumia mguu. Upande wa ndani wa wayo, kwenye upinde chini ya kifundo, elektrodi mbili zikiwa na nafasi ya sentimita 3 hadi 4. Watu wetu wamezoea kuvua viatu wanapoingia ndani, hivyo hakuna anayeshangaa. Mguu ukae tuli juu ya mkeka au kibao chenye mteremko mdogo, waya ufungwe kwa utepe kwenye muundi wa mguu ili usivutike. Mwoneshe mchezaji mstari wake mwenyewe kabla ya kuanza, mwambie achezeshe vidole vya mguu, aone unavyoharibika. Atajituliza mwenyewe baada ya hapo.

Sehemu ioshwe kwa maji matupu na kukaushwa. Sabuni hubadilisha tabaka la juu la ngozi, spiriti huikausha. Baada ya kubandika, subiri dakika 10 jeli iingie. Kisha mwambie avute pumzi moja ndefu ya ghafla. Kilima kisipotokea, angalia waya. Waya ukiwa mzima na kilima hakuna, huenda mtu huyo ni katika wachache ambao ngozi yao haiitikii. Wapo, na data yao ya ngozi huwekwa kando tangu mapema, si baada ya kuona matokeo yasiyopendeza.

Joto la chumba liwe kati ya nyuzi 22 na 24, lile lile kwa wote. Pwani hili ni gumu kuliko yote. Mtu aliyetoka juani Kariakoo saa saba mchana ana jasho la joto linalofunika jasho la hisia. Mpe robo saa akae kwenye ubaridi, na usimpime mmoja mchana mwingine usiku. Feni isielekee mguuni. Kahawa, chai ya rangi na sigara viachwe saa 2 kabla.

Ratiba ya mchezaji mmoja

Dakika 10 za kwanza ni za maelezo na ridhaa, 10 za kusubiri jeli iingie baada ya kubandika, na wakati huo huo mchezaji anajifunza vitufe kwenye hatua ya mazoezi. Ukiruka mazoezi utapima mahangaiko ya kutafuta kitufe cha kuruka, na utayaita hofu.

Kisha dakika 3 za utulivu. Usimwambie afumbe macho, maana atasinzia, na kila kitakachofuata kitaonekana kikubwa. Mwache atazame menyu ya gemu yenye muziki wa chini.

Kucheza kuwe vipande vitatu vya dakika 7 hivi, na mapumziko ya dakika 2 katikati. Kama unalinganisha matoleo matatu, watu wasiyacheze kwa mpangilio mmoja: mipangilio inayowezekana ni 6, hivyo wachezaji 12, 18 au 24 hugawanyika sawasawa. Mwili huzoea. Mtego wa kumi hushtua kidogo kuliko wa kwanza hata ukiwa umebuniwa vizuri zaidi, na toleo linalochezwa mwisho daima litaonekana baridi.

Kila aina ya tukio itokee angalau mara 10 kwa kila mtu, na kati ya tukio moja na jingine kuwe na sekunde 8 hadi 10 inapowezekana. Gemu za mapigano hazitoi nafasi hiyo, kwa hiyo tenga sehemu chache zilizopangwa kwa ajili ya kipimo. Mchezaji asizungumze anapocheza. Kuongea hubadilisha pumzi, na pumzi ndefu peke yake hutengeneza kilima. Wewe nawe usikae mgongoni mwake. Kuangaliwa ni hisia nyingine kamili.

Kumuuliza, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka

Mara anapomaliza, kabla hajashika simu, rudisha video. Usioneshe yote. Chagua vipande 8 vya sekunde 15 (sekunde 10 kabla ya tukio, 5 baada) penye vilima vikubwa, na vingine 8 kwa bahati nasibu pasipo na kilima. Vichanganye. Ukimwonesha vilima peke yake, atagundua unatafuta nini na atakuletea hisia za kukuridhisha. Wala usimwambie "hapa jasho lako lilipanda".

Kwa alama, michoro ya SAM iliyochapishwa na Margaret Bradley na Peter Lang mwaka 1994 ina faida moja kubwa: haina maneno. Safu tatu za vikatuni, za utamu, msisimko na udhibiti, zinaweza kupewa alama 1 hadi 9. Safu ya pili ieleze kwa mdomo kwanza, kwa sababu mlipuko uliochorwa tumboni ni rahisi kuusoma kama maumivu ya tumbo.

Madodoso ya maneno yana mtego wake. Mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na hisia hazivuki mpaka zikiwa nzima. "Kuchoka" kwetu ni uchovu wa mwili na pia ni kuboeka. Mchezaji wa saa mbili usiku akikwambia amechoka hujui kama gemu ni mbaya au siku ilikuwa ndefu. Andika "nilitamani sehemu hii iishe". "Kusisimka" kuna wanaolisikia kama nywele kusimama kwa baridi au kwa woga, na kuna wanaolisikia kwa maana ya mapenzi. "Mzuka ulipanda" linaeleweka kwa kijana wa Dar es Salaam lakini si lazima kwa mtu wa Mombasa wa makamo. "Kukata tamaa" ni zito mno kwa mtu aliyeshindwa kuruka shimo mara tatu. Huyo amekereka, au amepandwa na hasira kidogo, na bado anataka kujaribu tena. Na "presha" hutumika kwa wasiwasi wa penalti, ila mzee anaweza kukujibu kuhusu dawa zake.

Kwa hiyo mtu mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona asili arudishe kwenye lugha ya kwanza, mlinganishe. Halafu wape watu watano wa umri unaoulenga, kila sentensi waieleze kwa maneno yao. Sentensi ambayo wawili wataieleza tofauti itolewe. Ni kazi ya siku mbili, nasi tunaiona muhimu kuliko kununua kifaa cha bei kubwa zaidi.

Ukitaka jibu imara zaidi ya alama, uliza kwa kulinganisha: "kati ya kipande hiki na kile, kipi kilikutia hofu zaidi?" Mtu mmoja huiita 7 kile mwenzake anachokiita 4, lakini wote wawili wanajua kipi kilizidi kipi. Mtafiti wa gemu Georgios Yannakakis na wenzake wametetea njia hii ya kupanga badala ya kupiga alama kwa miaka mingi, na kwa wachezaji wasiozoea madodoso inakwenda haraka zaidi.

Mwisho wa kipande, acha swali moja la wazi: "Hapa ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Jibu la maana mara nyingi huja baada ya kimya cha sekunde tatu nne.

Uchambuzi

Chora mstari mzima uutazame kwa macho kabla ya hesabu yoyote. Mruko wa wima usiochukua hata sehemu moja ya kumi ya sekunde si jasho, ni waya. Mstari ulioanguka hadi sifuri ni elektrodi iliyobanduka. Vipande hivyo viwekee alama na viache nje. Usivizibe kwa kuchora mstari wa kukisia, hasa karibu na tukio. Chuja kila kinachotetema zaidi ya mara 3 kwa sekunde. NeuroKit2 ya Python hufanya haya bila malipo, na matukio yakisongamana sana programu ya Ledalab hutenganisha vilima vilivyopandana.

Kwa kila tukio, tafuta kilima kilichoanza kati ya sekunde 1 na 4 baadaye. Kilichoanza kabla ya sekunde 1 hakikusababishwa na tukio hilo, kwa kuwa ishara haiwezi kufika miguuni na kujaza tezi haraka hivyo. Urefu ni kilele ukitoa bonde lilipoanzia. Pasipo na kilima andika 0, na 0 hizo ziingie kwenye wastani. Wanaozitupa hupata wastani mzuri wa tukio ambalo mara kumi na moja kati ya kumi na tano halikumgusa mtu.

Usilinganishe µS za mtu mmoja na za mwingine. Unene wa ngozi, wingi wa tezi, umri na dawa hutofautiana, na tafiti kadhaa za Marekani zimekuta washiriki weusi wana viwango vya chini kuliko weupe kwa kichocheo kile kile. Mtu wa µS 3 hana hisia chache kuliko wa µS 14. Chukua logi (logarithimu) ya (1 + urefu), kisha gawa kwa kilima kikubwa kuliko vyote cha mtu huyo huyo.

Halafu fanya jaribio la bahati nasibu, ambalo wengi hulisahau. Chukua nyakati za matukio yako, uzitawanye ovyo ndani ya kipindi kile kile mara 1000, na kila mara upime vilima kana kwamba ni matukio ya kweli. Kama wastani wa matukio halisi haujazidi angalau 950 kati ya hizo, basi vilima ulivyoona vingekuwepo hata tukio lisingetokea. Gemu yenye vurugu tangu mwanzo hadi mwisho hushindwa jaribio hili mara kwa mara, na hilo lenyewe ni taarifa: mchezaji hana mahali pa kupumua.

Left 4 Dead, gemu ya mazombi ya kampuni ya Valve iliyotoka mwaka 2008, ilikabili tatizo hilo kwa njia nyingine. Programu yake hukadiria presha ya kila mchezaji kutokana na kipigo anachopata, kisha hupunguza mazombi kwa muda presha ikizidi. Mike Ambinder wa Valve baadaye alieleza majaribio ya kuulisha mfumo huo jasho la kweli la mchezaji badala ya makadirio. Studio isiyo na mpango wa kuuza vihisi bado inaweza kufuata nusu ya njia: pima ngozi ya watu 20, uone ni matukio gani ya kumbukumbu yanayotabiri vilima, kisha tumia matukio hayo kwa wachezaji wengine wote.

Moyo na uso, kwa ufupi

Mkanda wa kifuani kama Polar H10 ni rahisi kuutumia, lakini mapigo ya moyo hubeba mambo mengi: umakini huyapunguza, juhudi huyapandisha, na kupumua huyachezesha. Yanafaa kwa kulinganisha vipande vya dakika kadhaa, si tukio la sekunde moja. Kupima tofauti kati ya pigo na pigo kunataka dakika 5 kamili za utulivu wa kuridhisha.

Elektrodi za usoni hutoa utamu na uchungu, kama ilivyokuwa kule Ufini, ila zinataka vifaa vinavyopima zaidi ya mara 1000 kwa sekunde na mkono uliozoea. Kamera inayosoma uso ni rahisi zaidi na inahitaji tahadhari zaidi. Utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulikuta programu za kibiashara za kutambua jinsia zikikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe. Kazi ile haikuhusu hisia, lakini inatosha kukufanya upime programu yako kwa nyuso za wachezaji wako kabla ya kuiamini. Tena mchezaji aliyezama kwenye gemu mara nyingi ana uso mkavu kabisa.

Ridhaa

Mweleze mtu kwa lugha yake kitakachopimwa, muda, na kwamba anaweza kubandua elektrodi dakika yoyote bila kutoa sababu. Mwambie wazi kwamba kifaa hakigundui uongo wala ugonjwa, kwa maana wengi hudhani hivyo na hukaa kwa wasiwasi unaoharibu kipimo. Mwenye kifafa asijaribiwe na gemu za mwanga unaomulika, na mwenye kifaa cha kurekebisha moyo asifungwe kifaa ulichojenga mwenyewe. Mtoto aje na ridhaa ya mzazi na yake mwenyewe. Kwa mwanamke, mkanda wa kifuani auvae mwenyewe chumba cha pembeni, na msaidizi wa kubandika mguuni awe mwanamke kama anapendelea hivyo. Muulize kabla, si akiwa ameshakaa.

Taarifa za mwili zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022. Tumia namba kama M07 badala ya jina, weka orodha ya majina mahali tofauti na faili za vipimo, na panga tarehe ya kufuta video za nyuso kabla ya kurekodi ya kwanza. Faili ghafi za ngozi, zile ambazo hazijachujwa, zitunze bila kuguswa. Mara nyingi kosa la saa hugunduliwa kwa mchezaji wa kumi na sita, na kwa faili hizo tu unaweza kurudi kumnyoosha wa kwanza.